Pikipiki Moja, Bima ya Mtaa Mzima

Msinione nimeinama juu ya karai hili mkadhani macho yangu yako kwenye mafuta tu. Mimi Ubaldina nakaanga arepa, vile vitumbua vya unga wa mahindi, zenye yai ndani kwenye kona hii ya mtaa wa El Pozo tangu mume wangu Nafer alipokuwa na nywele kichwani, na linalopita mbele yangu silikosi. Kwa hiyo mtu akiwaambia Argemiro Doria ni mwendesha pikipiki wa hovyo, mleteni hapa nimmwagie maji ya kuoshea sufuria. Najua hospitalini wameandika kaanguka na huyu, kaanguka na yule, mwaka mmoja huohuo. Ndiyo maana nasimulia mwenyewe, nimechoka kuisikia habari hii midomoni mwa watu ambao hawakuwepo.

Argemiro ni mwembamba, ana shingo ndefu, mpole mpaka anakera. Shati lake la mikono mirefu hulifunga hadi kifungo cha shingoni hata jua likiwa la kukaushia samaki. Kazi yake ni bodaboda, hajawahi kufanya nyingine. Wapo wenye pikipiki mpya kuliko yake, na wapo wenye mbio kuliko yeye, lakini mwanamke mwenye mimba kubwa alimngoja Argemiro. Keki ya harusi ilimngoja Argemiro. Hata sanamu ya Bikira wa Karmeli ya kanisani, ilipopelekwa kupakwa rangi upya, padri alisema asiibebe mtu mwingine.

"Mimi sijawahi kuanguka," Argemiro husema, na hulisema hilo kama wewe unavyosema habari za asubuhi.

Mteja wake mkubwa alikuwa mzee Eustorgio, tunayemwita Don kwa heshima, mwenye banda la kuku ng'ambo ya daraja. Kila asubuhi Argemiro alifunga trei za mayai nyuma ya pikipiki na kuzisambaza madukani. Barabara ya huko ina mashimo ambayo nguruwe wanaoga ndani, na hata yai moja halikupasuka. Mayai yale ndiyo yaliyolisha nyumba yake, abiria walikuwa wa chumvi na sabuni tu.

Sasa mayai yale yalivuka daraja, na darajani ndipo wanaposimama askari wa barabarani. Hapa mtaani kila nyumba ina pikipiki, na kila pikipiki ina karatasi zilizokufa zamani. Sisi wengine tunapita njia ya makaburini, tunamsalimia marehemu, tunatokea sokoni. Argemiro hakuweza, mayai hayapendi njia ya makaburini. Kwa hiyo mtaa mzima, bima hai ilikuwa moja tu, yake.

Ilimuuma, jamani. Mkewe, Ledis, aliiita ile pikipiki "mke mwenzangu".

"Mke mwenzangu kavalishwa cheni mpya," alikuwa akiniambia. "Mwezi uliopita kanunuliwa plagi na pedi za breki. Oili anakunywa kila mara. Mimi kandambili zangu hizi zina umri wa mtoto wa shule."

Na hayo ni ya kawaida. Ukifika mwezi wa bima ndipo nyumba ile ilipokula wali mkavu. Bima ya lazima peke yake ilipita laki tatu za peso. Juu yake ukaguzi wa pikipiki wa kila mwaka, nao unataka fedha yake. Ukijumlisha, ungepata pikipiki nyingine kuukuu kama ile, ukabaki na chenji ya mbuzi. Mwaka huo Argemiro aliuza nguruwe wa Krismasi, na Ledis akawa anaweka akiba ya mwaka unaofuata ndani ya kopo la maziwa ya unga, sarafu kwa sarafu, akilitikisa kila Jumapili kusikiliza kama limenenepa.

Ikabaki shida ya ukaguzi. Fedha ya kulipia ukaguzi ilikuwepo, ila pikipiki ya kukaguliwa ndiyo haikuwepo. Tairi zilikuwa zimeisha meno, laini kama papai. Kioo cha pembeni kimoja kilipasuka, cha pili kilikuwa kumbukumbu tu. Ekzosi ilipiga kelele mpaka watoto wachanga walilia. Vyote hivyo kuvinunua mara moja, angeuza na mkewe.

Hapo sasa mtaa wetu hufanya ufanyavyo siku zote, na msituangalie hivyo, kwenu pia wanafanya. Tunaazimana. Nafer wangu alitoa tairi zake mbili, maana pikipiki yake ilikuwa imekufa injini. Mwalimu Osiris, yule wa shule ya msingi, akatoa vioo vyake. Wilfrido fundi wa kuchomelea akafungua ekzosi yake. Bibi Candelaria, mkunga wetu wa zamani, akaleta taa ya mbele ya pikipiki ya marehemu mumewe, kaifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Mwalimu Osiris akasema, maana hawezi kukaa kimya mbele ya methali.

Pikipiki ikapita ukaguzi kwa sifa. Mkaguzi aliisifu tairi. Argemiro aliporudi na cheti tulikunywa kahawa hapa kwangu, na alipotaka kurudisha vitu vya watu, Nafer akamkatalia. "Kaa navyo, kompadre," akasema, maana yeye ndiye aliyemsimamia mtoto wa kwanza wa Argemiro ubatizoni. "Vinakaa pikipikini, vinakaa nyumbani. Si ni yetu sote?"

Argemiro akashukuru. Maskini, alidhani amesaidiwa.

Mvua zilipoanza bati letu likavuja juu ya kitanda, upande wangu, si upande wa Nafer, na ndiyo sababu ilinichukua wiki mbili za maneno kumpandisha juu. Alipanda na nyundo. Alishuka bila nyundo na bila ngazi, puu, juu ya karo la kufulia nguo. Kifundo cha mguu kikavimba hapohapo.

"Nakufa!" akalia.

"Hufi," nikamwambia. "Mtu anayekufa hapigi kelele hivyo."

Nikatafuta kadi yake ya afya ya serikali. Nafer akanishika mkono. "Siyo hiyo," akasema kati ya kuguna na kuguna. "Hiyo unaomba kibali leo, picha unapigwa mguu ukishapona upande. Mwite kompadre. Semeni nimeanguka na pikipiki."

Mnaelewa? Mtu akiumia na pikipiki yenye bima, hospitali inampokea siku hiyohiyo, eksirei, plasta, dawa, kila kitu, na bima ndiyo inayolipa. Anayeanguka kutoka kwenye bati hana bima.

Argemiro akaja mbio akidhani kuna msiba. Alipoelezwa akarudi nyuma hatua. "Kompadre, mimi sijawahi kuanguka."

"Si kweli kweli. Kwenye karatasi tu."

"Hata kwenye karatasi."

Nafer akamtazama kwa macho ya mbwa aliyenyeshewa. "Kompadre, ile pikipiki ilipita ukaguzi kwa tairi za nani?"

Argemiro akaenda kuileta pikipiki. Akapakia mgonjwa, mimi nikafuata nyuma kwa miguu. Pale mapokezi alikaa Yarledis, msichana mwenye miwani na mdomo usio na breki, anayejua kila mtu ameolewa na nani na kwa nini.

"Nani alikuwa anaendesha?" akauliza.

"Argemiro Doria," nikasema mimi, maana mwenyewe alikuwa anaangalia viatu.

"Yule asiyeanguka?"

Ilibidi nimkanyage.

"Nimeanguka," Argemiro akasema, na alilitoa neno lile kama mtu anayetema jino.

Nafer akafungwa plasta nzuri nyeupe, nikaichora ua. Tukasema yamekwisha. Lakini mtaa una masikio, na haikupita muda punda wa muuza maji akampiga Mwalimu Osiris teke la kifua. Mwalimu alikuwa anamfundisha punda adabu, ndivyo alivyosema. Akaletwa kwa Argemiro amebebwa kwenye kiti, hawezi kupumua vizuri lakini anaweza kusema, "Vioo, Argemiro, vioo vyangu."

Yarledis alipofunua shati lake akaona alama ya kwato imekaa katikati kama muhuri wa posta.

"Hii pikipiki ina miguu?"

"Pedali ya breki," akasema Mwalimu.

"Pedali yenye kwato?"

"Binti, nimekufundisha kusoma mimi. Andika."

Akaandika. Halafu zikaja sherehe za ng'ombe-dume za mji jirani, zile ambazo vijana wanaruka uwanjani kumchezea fahali wakiwa wamelewa. Wilfrido si kijana, ila alikuwa amelewa. Fahali akamwinua kwa pembe moja, mahali ambapo mtu hukalia. Akasafirishwa amelala kifudifudi mpaka kwetu ili aanguke na pikipiki ya Argemiro.

"Alikalia usukani," Ledis akamweleza Yarledis kwa hasira, maana safari hiyo Argemiro aligoma kuingia ndani. "Usiniulize alikaaje. Mimi mwenyewe sijui wanaume wanavyokaa."

Nilicheka mpaka nikashikilia ukuta. Ila nilipotoka nje nilimwona Argemiro amesimama kando ya pikipiki yake analifuta tangi ambalo halikuwa na vumbi. Hakunitazama. Nikaona aibu kidogo, nakiri, halafu nikakumbuka Wilfrido na usukani, nikacheka tena.

Kicheko kiliisha wiki ileile. Maneno ya Yarledis yalishatoka hospitali yakaingia sokoni, kutoka sokoni yakaenda stendi ya bodaboda. Mwanamke mwenye mimba alipita mbele ya Argemiro akapanda na kijana mwenye kofia ya kinyume. Mama mmoja aliyepandisha mtoto wake alimfanyia mtoto ishara ya msalaba kwanza. Madereva wenzake, ambao wote wameanguka mpaka magoti yao hayana ngozi, wakaanza kumwita "Embe Bivu". Embe bivu, kama hamjui, halihitaji upepo.

Kisha asubuhi moja Don Eustorgio akaja mwenyewe hapa kwenye karai. Alivua kofia, na mzee yule akivua kofia ujue anazika kitu.

"Argemiro," akasema, "wewe ni mtu mwema, na baba yako alikuwa mtu mwema."

"Asante, Don Eustorgio."

"Lakini umeanguka na Nafer, umeanguka na Mwalimu, umeanguka na yule fundi tena vibaya sana, sitaki hata kujua. Watu wana bima. Mayai yangu hayana."

Nilimwona Argemiro anafungua mdomo. Neno moja tu lilitosha, na neno hilo lingewatia Nafer wangu, Mwalimu na Wilfrido mikononi mwa askari. Akaufunga. "Sawa, Don Eustorgio," akasema. Mzee akaondoka na mayai yake kwenye gari la binamu yake, na binamu yake anaendesha kama aliyeiba.

Ledis alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. "Fadhili mbuzi utakunywa mchuzi," akapaza sauti mtaa wote usikie. "Fadhili El Pozo watakuvunjia mayai!"

Hapo mpole akachoka. Argemiro akaleta spana, akachuchumaa katikati ya barabara na kuanza kufungua. Ekzosi, huyo akaipeleka mlangoni kwa Wilfrido. Vioo, kwa Mwalimu. Tairi akazibiringisha mpaka miguuni kwa Nafer aliyekuwa amekaa na plasta yake yenye ua. Akafunga zile tairi zake za zamani, laini kama papai.

"Chukueni vyenu," akasema. Hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. "Kuanzia leo mtu akitaka kuanguka, aanguke kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nina jina moja tu. Mmelivunja mbavu, mmelichoma matako, basi!"

Nafer alitazama tairi zake. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, nikakosa.

Aliyebakia hajarudishiwa ni Bibi Candelaria. Argemiro alipofika kwake na taa imefungwa kwenye taulo, alimkuta sakafuni chini ya bembea yake ya kulalia. Kamba ilikuwa imekatika, na mkono wa bibi umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Bibi hakulia. Alikuwa anaitukana kamba.

Sasa afanyeje? Mwanamke huyu ndiye aliyemtoa Argemiro tumboni mwa mama yake kwa mikono hiyohiyo. Akakaa chini sakafuni, akashika kichwa. "Bibi Cande," akasema, "twende. Nitasema nimeanguka na wewe."

"Nyamaza," akasema bibi. "Nimesikia ulivyopayuka barabarani. Jina lako sitaligusa. Nipandishe."

Nilikuwepo mapokezi, nimeapa mbele ya Bikira wa Karmeli kwamba nilikuwepo. Bibi Candelaria akaegemea meza ya Yarledis kwa mkono mzima.

"Nimeanguka na pikipiki ya Argemiro Doria," akatangaza.

"Argemiro tena!"

"Argemiro hakuwepo. Nilikuwa naendesha mimi."

Yarledis akavua miwani. "Wewe, bibi?"

"Mimi. Kwani pikipiki inachagua?"

"Una leseni?"

"Leseni ya nini, mwanangu? Niliiiba. Alikuwa anakunywa kahawa, nikaona funguo, shetani akanipitia."

Watu wote kwenye mabenchi wakageuka. Mtu mmoja aliyekuja na homa alicheka mpaka homa ikashuka. Yarledis akaandika, maana bibi yule alimzalisha na mama yake pia, lakini akanyanyua kalamu na kunielekezea mimi. "Sikilizeni, watu wa El Pozo. Huyu ndiye wa mwisho. Akija mwingine kutoka mtaa ule akasema pikipiki, nitamuuliza ameanguka kutoka mti gani, na asiponijibu anakaa foleni ya kawaida."

Kufikia jioni mji wote ulijua kuwa Bibi Candelaria kaiba pikipiki. Don Eustorgio aliisikia kwa kinyozi. Mzee si mjinga. Alicheka, kisha akaanza kufikiri, povu bado liko shavuni: ikiwa bibi yule hakuanguka na pikipiki, basi huenda na fundi hakukalia usukani. Asubuhi akaja tena kwenye karai, safari hii na kofia kichwani.

"Binamu yangu amenipikia kimanda cha mayai barabara nzima," akasema. "Argemiro, nakupa wiki moja ya majaribio. Sikuulizi kitu na usiniambie kitu. Ila nikisikia umeanguka, hata kidogo, hata kwenye ndoto, basi tena."

"Mimi sianguki, Don Eustorgio," Argemiro akasema, na uso wake uling'aa.

Siku nne zilikwenda salama. Siku ya tano mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, matope yamejaa kona yangu. Argemiro alikuja bado hajapakia mayai, akasimamisha pikipiki mbele ya karai ili achukue arepa yake. Nasema akasimamisha. Haikuwa inakwenda. Aliweka mguu chini, akanyoosha mkono kupokea arepa, tairi ya nyuma ile isiyo na hata alama ya meno ikateleza taratibu kama mtu anayekaa kitini, na Argemiro Doria akalala kwenye matope na pikipiki juu yake.

Nilibaki na arepa mkononi. Mtaa ulikuwa mtupu.

"Ubaldina," akasema kutoka chini. "Nani kaona?"

"Mimi na mbwa."

"Mbwa hasemi."

"Unamaanisha nini?"

"Ubaldina!"

"Sijaona kitu," nikasema. "Ninakaanga."

Nikamwinua. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimevimba kama nazi, na midomo imekuwa ya kijivu. Nikamwita Ledis, tukampeleka hospitali kwa miguu, pole pole, pikipiki tumeifungia ndani kwangu. Njiani Ledis alikuwa karibu anafurahi. Alikuwa amechukua karatasi ya bima, kaikunja vizuri, anaipapasa kifuani. "Walau safari hii," alikuwa anasema, "walau safari hii tunaitumia sisi wenyewe. Nguruwe wangu yule, Mungu amrehemu, leo atatufaa."

Tukafika mapokezi. Yarledis akatuona, akaweka kalamu chini, akakunja mikono.

Na pale benchi la kwanza, amekunja mkono wa shati akisubiri kupimwa presha, alikuwa amekaa Don Eustorgio.

"Haya," Yarledis akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "El Pozo mmerudi. Na safari hii mmemleta mwenyewe. Niambieni ukweli kabla sijaandika. Kaanguka kutoka mti gani?"

Ledis akaweka karatasi ya bima mezani. "Hakuna mti hapa. Mume wangu..."

Argemiro akaifunika ile karatasi kwa mkono wake mzima. Alimtazama Yarledis. Hakumtazama Don Eustorgio, lakini shingo yake ile ndefu iligeuka nyekundu upande wa benchi.

"Mnazi," akasema.

"Nini?" Ledis akauliza.

"Nimeanguka kutoka kwenye mnazi. Nilikuwa naangua."

Yarledis akanyamaza, mara ya kwanza tangu nimjue. Macho yakamlengalenga nyuma ya miwani. "Mungu wangu," akasema. "Mwaka mzima. Mtu mkweli wa kwanza kutoka mtaa ule." Akasimama, akampa mkono juu ya meza, akamshika ule wa kulia kwa kuwa wa kushoto ulikuwa haushikiki. "Foleni ya kawaida, Don Argemiro. Kibali cha eksirei kitachukua wiki kadhaa. Au ulipie taslimu upigwe leo."

Don Eustorgio alikuja akampiga bega, lile zima. "Minazi ni hatari," akasema. "Uiache. Mkono ukipona, mayai yako yanakungoja. Nilijua mimi. Nilisema, mtu huyu haanguki." Akaenda kupimwa presha yake.

Nilikuwa nimeng'ata kitambaa changu cha kichwa ili nisicheke. Kisha nikamwona Ledis, nikaacha. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, karatasi mkononi, ile yenye mihuri yote, hai mpaka mwakani, iliyomlipia Nafer, na Mwalimu, na Wilfrido, na Bibi Candelaria. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Fedha taslimu tunatoa wapi, Argemiro?"

"Kwenye kopo," akasema kwa sauti ya chini.

"Kopo ni la bima ya mwakani!"

"Najua."

"Yaani bima unayo hapa, imelipwa, na unataka nikavunje fedha ya bima ili ulipie mkono uliovunjika na pikipiki yenye bima?" Alikuwa ananong'ona, lakini ni mnong'ono wa mtu anayetaka kupiga. "Umerukwa? Mtaa mzima umekula bima hii. Kwa nini wewe usiile?"

Argemiro alimtazama kama anayemwonea huruma kwa kutoelewa jambo jepesi.

"Ledis," akasema, "bima ni ya watu wanaoanguka."

Akaenda akakaa kwenye benchi, kiwiko chake mapajani, kusubiri kopo.